Ramani ya ukutani ya kupanuka kwa Marekani: jinsi ya kuipima, kuichora na kuisomea

Mwanafunzi wa kidato cha sita anaweza kukutajia 1803, 1848 na 1898 bila kukosea hata moja. Mpe kalamu aonyeshe Louisiana ya 1803 ilikuwa wapi, atachora kipande kidogo penye mdomo wa Mto Mississippi, yaani jimbo la leo lenye jina hilo. Tarehe anazo, ardhi hana. Mwongozo huu ni wa walimu na vikundi vya kujisomea vya Dar es Salaam wanaotaka kuiweka ardhi hiyo ukutani kwa vipimo sahihi. Watu wanne au watano wanaimaliza kazi kwa Jumamosi mbili.

Tunashauri tangu mwanzo msitengeneze kazi mbili zisizojuana, moja ya "upanuzi wa ndani" na nyingine ya "Marekani na dunia". Vitabu vingi hukata hadithi mwaka 1898, kana kwamba Wamarekani walimaliza kwanza nchi kavu ndipo wakaanza kutazama baharini. Sivyo ilivyokuwa. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Seyyid Said wa Zanzibar ulitiwa saini Septemba 1833, wakati San Francisco bado ni ya Meksiko. Ubalozi mdogo wao Zanzibar ulifunguliwa 1837, miaka 11 kabla ya kuipata California. Ramani yenu ikiweza kuonyesha jambo hilo kwa mtu anayeitazama tu, imefanya kazi yake.

Vifaa

Nunueni karatasi mbili za manila za ukubwa wa A1 (sentimita 84 kwa 59), nyeupe au za rangi ya maziwa. Nunueni pia ramani ya dunia ya dukani, nailoni angavu ya kuwekea makava ya madaftari mita tatu, penseli za HB, rula ya mita moja, maka peni nyeusi na nyekundu zisizofutika kwa maji, penseli za rangi pakiti moja, spiriti kidogo na pamba, pini za ubaoni, uzi mwekundu, na roli moja la karatasi ya risiti. Vyote vinapatikana Kariakoo kwa mzunguko mmoja. Mkiwa huko, ingieni duka la vitambaa mkate robo mita ya marekani, ile pamba isiyopaushwa. Kazi yake itaonekana mbele.

Roli la risiti lina mtego wake. Aina nyingi siku hizi huandikwa kwa joto badala ya wino, na karatasi hiyo ikikaa kwenye chumba chenye bati bila dari hupauka au kuwa nyeusi ndani ya miezi michache. Kwaruza karatasi kwa ukucha kabla ya kulipa. Ukiona mstari mweusi, rudisha, omba ya kawaida.

Msipake rangi maeneo makubwa kwa maka peni. Wino unazama kwenye manila, unatoa madoa na kuvuka mpaka mliouchora. Maka peni ni ya mistari na maandishi, kujaza rangi ni kazi ya penseli za rangi, mkono mwepesi, mara mbili kwa mwelekeo tofauti.

Gridi ya karatasi ya kwanza

Wengi huharibu hapa kwa kunakili umbo kwa macho. Florida inatoka nene, Texas inapotea, na mipaka ya mikataba haina pa kukaa. Tumieni gridi.

Marekani ya bara inakaa kati ya longitudo 125 na 65 Magharibi, na latitudo 25 na 50 Kaskazini. Gawanyeni kwa nyuzi tano tano: safu wima 12 na safu mlalo 5. Kila kisanduku kiwe na upana wa sentimita 6.3 na kimo cha sentimita 8. Visanduku si mraba kwa sababu mistari ya longitudo hukaribiana kadiri unavyokwenda kaskazini. Katikati ya nchi hiyo, nyuzi moja ya longitudo ni kama asilimia 79 tu ya nyuzi moja ya latitudo. Ukichora miraba kamili, nchi inanyooshwa kutoka mashariki hadi magharibi kama mpira. Gridi nzima ni sentimita 75.6 kwa 40. Iwekeni juu ya karatasi, chini ibaki nafasi ya ufunguo.

Kwa vipimo hivyo nyuzi moja ya longitudo ni sentimita 1.26 na ya latitudo ni sentimita 1.6. Kuweka mji wowote, toa longitudo yake kutoka 125 na uzidishe kwa 1.26, hiyo ndiyo hatua ya kutoka kushoto. Toa 25 kutoka latitudo yake, zidisha kwa 1.6; hiyo ni kutoka chini. Mfano, New Orleans iko nyuzi 30 Kaskazini na 90 Magharibi: 35 mara 1.26 ni 44.1 kutoka kushoto, na 5 mara 1.6 ni 8 kutoka chini. Mkiiweka New Orleans vizuri na St. Louis (38.6 Kaskazini, 90.2 Magharibi) ikaja karibu juu yake kabisa, gridi yenu ni nzima.

Pwani ya magharibi ichoreni kwa nukta hizi, kisha muziunganishe: 48.4 na 124.7, 40.4 na 124.4, San Francisco 37.8 na 122.5, 34.4 na 120.5, San Diego 32.7 na 117.2. Kusini: El Paso 31.8 na 106.5, mpindo wa Rio Grande 29 na 103, mdomo wa mto huo 26 na 97.2, mdomo wa Mississippi 29 na 89.2, ncha ya Florida 25 na 81. Mashariki: Savannah 32 na 81, Rasi ya Hatteras 35.2 na 75.5, New York 40.7 na 74. Cape Cod 42 na 70. Mwisho wa Maine 44.9 na 67. Kaskazini, mstari ulionyooka wa nyuzi 49 unatoka baharini hadi longitudo 95, halafu mpaka unashuka kwenye Maziwa Makuu: ncha ya magharibi ya Ziwa Superior iko 46.7 na 92.1, Detroit 42.3 na 83, Buffalo 42.9 na 78.9. Visiwa vidogo vya kusini mwa Florida vitashuka chini kidogo ya gridi, waacheni vishuke.

Sentimita moja kwenye ramani hii ni takriban kilomita 70. Kisanduku kimoja kwa hiyo ni kama kilomita za mraba 240,000, na Tanzania nzima inaingia kwenye visanduku vinne kasoro kidogo. Kateni kadi ya ukubwa wa visanduku vinne, muiandike "Tanzania". Mtaitumia kupimia kila kipande.

Vipande vya ardhi

Chora mipaka kwa penseli kwanza, vyote, ndipo maka peni ipite. Anzeni na 1783: kutoka Atlantiki hadi Mississippi, kaskazini Maziwa Makuu, kusini nyuzi 31. Florida haimo. Makoloni 13 yalikuwa ukanda wa mashariki tu. Sehemu ya kutoka Milima ya Appalachia hadi mtoni Uingereza iliiachia kwenye mkataba wa Paris bila kuwauliza wenyeji waliokuwa wakiishi humo.

Louisiana, 1803, inahitaji subira. Ni ardhi kati ya Mississippi na Milima ya Rocky, kilomita za mraba zipatazo milioni 2.1. Wekeni kadi ya Tanzania juu yake: inaingia mara mbili na kubaki. Bei ilikuwa dola milioni 15, ambazo 11.25 zililipwa Ufaransa na zilizobaki zilifuta madai ya raia wa Marekani dhidi ya Ufaransa. Mwanafunzi atauliza, na ni haki aulize: Napoleon aliuzaje eneo kubwa hivyo kwa bei hiyo? Jibu haliko kwenye karatasi ya kwanza, liko Haiti. Jeshi alilolituma kurudisha utumwa katika kisiwa hicho liliangamizwa na wapiganaji weusi na homa ya manjano, na kamanda wake Leclerc akafa 1802. Bila Haiti, Louisiana ilipoteza maana kwake, na vita na Uingereza vilikuwa mlangoni. Chomeka pini Haiti kwenye ramani ya dunia, vuta uzi mwekundu hadi New Orleans. Ni uzi wa kwanza kuvutwa, maana ardhi iliyoongeza Marekani karibu maradufu ilipatikana kwa sababu ya watumwa waliojikomboa, na sehemu kubwa yake ya kusini ikaja kulimwa na watumwa.

Mipaka ya Louisiana ya kaskazini na magharibi haikuwa wazi hadi mikataba miwili ilipoiweka. Mwaka 1818 Marekani na Uingereza zilikubaliana nyuzi 49 hadi Milima ya Rocky. Mwaka 1819 Hispania ikaachia Florida na kukubali mstari wa ngazi ngazi ambao wanafunzi wengi huupinda. Uchoreni hivi: panda Mto Sabine kutoka Ghuba ya Meksiko (longitudo 94 kasoro kidogo) hadi nyuzi 32, nyoosha kaskazini hadi Mto Red, ufuate mto huo magharibi hadi longitudo 100, nyoosha tena kaskazini hadi Mto Arkansas, ufuate hadi chanzo chake (39.2 na 106.3), panda hadi nyuzi 42, kisha nenda moja kwa moja hadi Pasifiki. Kwenye rula, nyuzi 42 ni sentimita 27.2 kutoka chini. Mstari huo bado upo: ni mpaka wa kaskazini wa California. Marekani haikumpa Hispania pesa za Florida mkononi; ilibeba madai ya raia wake hadi dola milioni 5. Andikeni hivyo, maana "ilinunua Florida kwa dola milioni 5" ni kosa linalorithishwa kutoka daftari hadi daftari.

Texas iandikwe peke yake, wala isichanganywe na ardhi ya 1848. Walowezi wa Kimarekani waliruhusiwa na Meksiko kuingia huko, wakaja na watumwa, Meksiko ikapiga marufuku utumwa 1829, walowezi wakaasi na kujitangazia uhuru 1836. Marekani iliipokea kama jimbo Desemba 1845. Vita na Meksiko vilianza 1846, na cheche yake ilikuwa ugomvi wa mpaka wa Texas: Rio Grande au Mto Nueces ulio mashariki zaidi. Choreni mito yote miwili na kujaza nafasi kati yake kwa mistari ya mlazo. Ndiyo ardhi ambayo kila upande uliiita yake.

Oregon, 1846, ni kati ya nyuzi 42 na 49 magharibi mwa Milima ya Rocky. Uingereza ilikubali mstari, hakukuwa na vita, songa mbele.

Ardhi ya Meksiko, mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa tarehe 2 Februari 1848, ni California, Nevada, Utah, sehemu kubwa ya Arizona na vipande vya majimbo ya jirani. Kama kilomita za mraba milioni 1.36, kwa dola milioni 15, na majeshi ya Marekani yakiwa ndani ya Mji wa Meksiko. Ukijumlisha na Texas, Meksiko ilipoteza takriban nusu ya nchi yake. Dhahabu ilikuwa imeonekana California tarehe 24 Januari, siku tisa kabla ya saini. Mwaka 1853 wakanunua ukanda wa kusini ya Mto Gila kwa dola milioni 10 ili reli ya kusini ipate njia. Ni ukanda mwembamba, msiupe rangi inayofanana na ya jirani yake, la sivyo utamezwa.

Nailoni tatu juu yake

Karatasi ikiishia hapo inasema uongo, kwa sababu inaonyesha mauziano kati ya serikali na ardhi tupu. Kateni nailoni vipande vitatu vya ukubwa wa gridi. Kabla ya kuandika chochote, chora alama ya msalaba kwenye pembe nne za gridi na uzinakili kwenye kila nailoni, ndipo zitakaa mahali pake kila mara. Nailoni hunyooka ikipata joto, kwa hiyo iviringisheni juu kwenye ufito na kuiachia ining'inie, msiibane chini.

Nailoni ya kwanza ni ya wenyeji. Andikeni majina mahali pake: Cherokee (34.5 na 84), Creek (32.5 na 86), Choctaw (32.5 na 89), Seminole (27.5 na 81.5), Shawnee (40 na 83.5), Osage (38 na 94), Comanche (34 na 101), Lakota (44 na 102), Cheyenne (40 na 103), Navajo (36 na 110), Apache (33 na 108), Nez Perce (46 na 117). Halafu mshale mwekundu kutoka Georgia hadi 36 na 95, Oklahoma ya leo. Urefu wake ni kama sentimita 14. Hiyo ndiyo safari ya Cherokee ya 1838 na 1839, iliyotokana na sheria ya kuwahamisha wenyeji ya Mei 1830 chini ya Rais Andrew Jackson. Kati ya watu wapatao 16,000 waliohamishwa, inakadiriwa 4,000 walikufa. Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imewapa Cherokee haki 1832. Hukumu haikuzuia chochote. Endeleeni na mauaji ya Sand Creek 1864, mapigano ya Little Bighorn 1876, mauaji ya Wounded Knee Desemba 1890. Sheria ya 1887 iliyokata ardhi ya jumuiya kuwa viwanja vya mtu mmoja mmoja isiachwe: wenyeji walikuwa na ekari milioni 138 mwaka huo, na 1934 walibaki na milioni 48. Risasi zimepewa nafasi kubwa vitabuni, lakini kalamu ya mpima ardhi ilichukua nyingi zaidi baada ya bunduki kunyamaza.

Nailoni ya pili ni ya utumwa. Choreni mstari wa nyuzi 36 na dakika 30, sentimita 18.4 kutoka chini, kuanzia mpaka wa kusini wa Missouri kwenda magharibi. Ni mapatano ya 1820: kaskazini ya mstari, ukiacha Missouri, hakuna utumwa katika ardhi ya Louisiana. Mbele ya darasa, elezeni kwamba kila kipande kipya kilifufua swali lilelile, jimbo jipya litaingia upande gani. Mkifika 1854 na sheria ya Kansas na Nebraska, chukueni pamba yenye spiriti na kuufuta mstari huo wakitazama. Bunge lilifanya hivyohivyo. Mwaka 1857 Mahakama Kuu ikasema, katika kesi ya Dred Scott, kwamba Bunge halikuwa hata na mamlaka ya kuuchora. Vita vya 1861 hadi 1865 mwanafunzi atavielewa kama mwisho wa ugomvi wa ardhi iliyo chini ya nailoni, badala ya kuvikariri kama mada mpya.

Ya tatu ni reli na viwanja: Omaha (41.3 na 96) hadi Sacramento (38.6 na 121.5), zilizokutana Utah tarehe 10 Mei 1869, na sheria ya 1862 iliyompa mlowezi ekari 160 bure kwa sharti la kukaa miaka mitano. Fupi, inatosha.

Kile kipande cha marekani

Kata mraba wa sentimita tano wa kitambaa na uupe darasa uushike kabla ya kuubandika. Ni pamba ngumu kidogo, rangi ya maziwa, bado ina vijidoa vya maganda ya mbegu. Jina lake si la bahati. Katika karne ya 19 meli za Salem, Massachusetts, zilileta kitambaa hiki Zanzibar kikawa bora na kikapokelewa kama fedha kwenye njia za misafara ya bara. Zilirudi na pembe za ndovu, nyingine zikawa vibonyezo vya piano huko Connecticut, pamoja na sandarusi na ngozi.

Bandika kipande hicho Salem (42.5 na 70.9). Vuta uzi mmoja hadi Alabama na Georgia, ilikolimwa pamba kwa mikono ya watumwa katika ardhi waliyofukuzwa Creek na Cherokee. Vuta mwingine hadi Zanzibar kwenye ramani ya dunia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1861, pamba ya kusini ikakosekana, na kitambaa cha Marekani kikapotea sokoni Zanzibar. Cha Uingereza na India kikachukua nafasi. Jina likabaki kinywani hadi leo. Hakuna njia fupi zaidi ya kumfanya mwanafunzi wa Temeke au Mbagala aone kwamba sheria ya Washington ya 1830 ilifika pwani yake.

Karatasi ya pili: Pasifiki

Gridi ya nyuzi kumi kumi, kutoka longitudo 110 Mashariki kuvuka mstari wa 180 hadi 60 Magharibi, na latitudo 20 Kusini hadi 70 Kaskazini. Safu wima 19 na mlalo 9, kila kisanduku sentimita 4 kwa 4. Hapa miraba kamili inafaa, kwa kuwa tunataka nafasi za visiwa, si ukubwa wa nchi. Andikeni pembeni kwamba Alaska itaonekana pana kuliko ilivyo. Kosa la kawaida ni kuhesabu kana kwamba namba zinaendelea baada ya 180. Haziendelei, zinarudi nyuma: 170 Mashariki, 180, 170 Magharibi.

Wekeni San Francisco, Honolulu (21 na 158 Magharibi), Midway (28 na 177 Magharibi), Wake (19 na 167 Mashariki), Guam (13.5 na 145 Mashariki) na Manila (14.6 na 121 Mashariki). Sasa ziunganisheni. Zinajipanga kama vituo vya mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni, na sababu ni ileile: chombo hakifiki mwisho bila kusimama. Meli za mvuke zilikula makaa ya mawe, na asiye na kituo cha makaa hakuwa na jeshi la majini. Waya wa simu ya maandishi wa 1903 ulipita Honolulu, Midway, Guam hadi Manila.

Alaska: Urusi, 1867, dola milioni 7.2. Midway: mwaka huohuo. Hawaii haikutoka Hispania, ingawa ilichukuliwa Julai 1898 vita na Hispania vikiendelea. Malkia Liliuokalani alipinduliwa Januari 1893 na wafanyabiashara na wenye mashamba wakilindwa na askari wa manowari ya Marekani. Kutoka Hispania zilikuja Puerto Riko, Guam na Ufilipino, kwa mkataba wa Paris wa tarehe 10 Desemba 1898. Huu wa Paris si ule wa 1783. Andikeni mwaka mbele ya jina kila mara, maana watahini wanapenda pengo hilo. Ufilipino ililipiwa dola milioni 20, lakini Wafilipino walikuwa tayari wametangaza uhuru wao chini ya Emilio Aguinaldo, wakapigana na Marekani kuanzia Februari 1899. Uhuru ulikuja 4 Julai 1946. Kuba iliachwa "huru" ikiwa imefungwa na kifungu cha 1901 kilichoipa Marekani haki ya kuingilia kati; kituo cha majini cha Marekani cha Guantánamo ni masalia yake. Mfereji wa Panama ulifunguliwa tarehe 15 Agosti 1914, ukapunguza zaidi ya kilomita 12,000 kwa meli inayotoka New York kwenda San Francisco, ukakabidhiwa kwa Panama tarehe 31 Desemba 1999.

Ramani ya dunia na alama nne

Baada ya 1900 kupaka rangi ya "eneo la Marekani" kunadanganya, kwa kuwa ushawishi mwingi haukuhitaji bendera. Tumieni alama nne. Duara: eneo lililotwaliwa. Pembe tatu: nchi iliyokaliwa na majeshi kwa muda, kama Haiti 1915 hadi 1934. Mraba: nchi iliyofungamana kwa mkataba au fedha, kama wanachama 12 wa kwanza wa umoja wa kijeshi wa NATO (1949), au nchi 16 zilizogawana takriban dola bilioni 13 za Mpango wa Marshall, msaada wa Marekani wa kuijenga upya Ulaya, kuanzia 1948. Msalaba: serikali iliyoangushwa kwa mkono wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani: Iran 1953 na Guatemala 1954.

Kongo itawasumbua, na isipewe msalaba wa haraka. CIA ilipanga njama za kumuua Patrice Lumumba, uchunguzi wa Seneti ya Marekani wa 1975 ulilithibitisha hilo. Lakini aliyempiga risasi Januari 1961 ni kikosi cha Katanga mbele ya maofisa wa Kibelgiji. Wekeni msalaba wa vitone na kuandika sentensi hizo mbili chini yake.

Tamko la Monroe la 1823 nalo lina mtego. Wanafunzi huandika kwamba Marekani iliizuia Ulaya kuingia Amerika tangu mwaka huo. Haikuwa na manowari za kutosha. Jeshi la majini la Uingereza ndilo lililokuwa kizuizi, kwa faida ya biashara yake yenyewe. Tamko lilipata meno baadaye, hasa Theodore Roosevelt alipoliongezea 1904 kwamba Marekani inaweza kuwa askari polisi wa kanda hiyo.

Mkutano wa fedha wa Bretton Woods, Julai 1944, nchi 44: dola ilifungwa kwenye dhahabu, wakia moja kwa dola 35, hadi Agosti 1971. Hapa mwalimu wa Dar asipite haraka: IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) na Benki ya Dunia zilizaliwa kwenye mkutano huo, na makubaliano ya Tanzania na IMF ya 1986 ndiyo yaliyoanza kubadili bei, ajira na ada katika nchi hii.

Mstari wa muda

Funueni roli la risiti, sentimita 440. Mwanzo ni 1783, mwisho 2003, kila mwaka sentimita 2. Kupata mahali pa mwaka wowote, toa 1783 na uzidishe kwa 2: 1848 ni 130, 1898 ni 230, 1945 ni 324. Mkitumia sentimita moja kwa mwaka, 1845 hadi 1853 patajaa hadi maandishi yapandane.

Juu ya mstari andikeni ya bara la Amerika, chini ya dunia, na kwa kalamu nyekundu yaliyogusa kwetu: 1833 na 1837, mkataba na ubalozi mdogo wa Zanzibar; 1961, wajitolea wa kwanza wa Kimarekani wa Peace Corps kufika Tanganyika; 1964, kufungwa kwa kituo cha Marekani cha kufuatilia vyombo vya angani Zanzibar baada ya Mapinduzi; miaka ya mwisho ya 1960, Marekani ikigharimia sehemu ya barabara ya lami ya kwenda Zambia; na 1970 hadi 1975, China ikijenga reli ya TAZARA. Anayesimama makutano ya TAZARA anaitazama Vita Baridi kwa zege na chuma. Kisha 7 Agosti 1998, bomu la ubalozi wa Marekani, watu 11 waliouawa Dar es Salaam. Hapo andikeni kwa heshima. Wengine darasani wana jamaa waliokumbwa.

Kuitumia na kuitunza

Majina ya mikataba yaandikwe kama yalivyo kitabuni, kwa kuwa somo hutahiniwa kwa Kiingereza, na maelezo yawe Kiswahili. Kwa marudio, ondoeni lebo zote za bei, miaka na majina, zichanganywe kwenye bakuli, kila mtu achomoe moja, aibandike, ajibu mambo manne: karatasi inasema ilitoka kwa nani, nani aliishi hapo, ilipatikana kwa njia gani, na ilizua ugomvi gani ndani ya Marekani. Aliyekosa la pili arudie hata kama mwaka ameupatia.

Bandikeni kwa gundi nyeupe ya mbao badala ya uji wa ngano, kwa sababu mende hula uji huo pamoja na pwani yote ya Atlantiki. Selotepu ya kawaida huachia kwenye ukuta wa chokaa wakati wa masika, kwa hiyo pigilieni fito mbili, juu na chini ya manila, na kuining'iniza kwa kamba, mbali na dirisha linalopokea jua la mchana. Wakati wa kuhifadhi, viringisheni rangi ikiwa nje. Ikiwa ndani, manila itajikunja kuelekea msomaji kila mtakapoitundika.